Ukuta Nilioula

Wewe unayenisikiliza, kabla sijaanza, fungua kiganja chako ukitazame. Usione haya, hakuna anayekucheka. Tazama ile mistari mikubwa inayopita katikati. Kama ina wekundu ndani yake, mshukuru Mungu, kisha kaa vizuri nikueleze jambo. Kama haina, kaa vizuri zaidi.

Viganja vyangu mimi viliwahi kuwa vyeupe kama unga wa muhogo, na nyumba nzima ikashangilia.

Hiyo ilikuwa Temeke, wakati wa Mwingereza, miaka michache baada ya vita kuu ya pili. Temeke ya siku zile ilikuwa minazi na mashamba ya mihogo, na katikati yake nyumba za fito na udongo zilizoezekwa makuti. Mimi nilikuwa mwali. Kwetu Wazaramo, msichana akivunja ungo huwekwa ndani. Haonwi na wanaume, haguswi na jua, hakati nywele, hasemi kwa sauti. Kungwi huja kumfundisha mambo ya utu uzima. Hukaa hivyo miezi mingi, wengine hata kupita mwaka, mpaka mavuno mema yapatikane, ngoma ipigwe, naye abebwe mgongoni mbele ya watu wamwone jinsi alivyogeuka. Na kugeuka kwenyewe kunatazamiwa kwa macho. Mwali anatakiwa atoke ametakata rangi, mashavu yamejaa, ngozi inang'aa. Akitoka mwembamba, mweusi kama alivyoingia, watu watauliza nyumba ile ilikuwa inampa nini.

Chumba changu kilikuwa cha nyuma, hakina dirisha. Mlikuwa na kitanda cha kamba, mtungi wa maji, na mwana hiti, kile kinyago kidogo cha mti kinachorithiwa katika ukoo, ambacho mwali hukipaka mafuta na kukitunza kama mtoto. Kazi yangu ilikuwa kusuka ukili. Mlango ulikuwa pazia la kaniki, na ng'ambo ya pazia alikaa bibi yangu, mama yake baba, aliyenilea tangu mama yangu alipoolewa kwingine, Kisarawe. Nikitaka kitu nilipiga makofi madogo.

"Haya, mke mwenzangu, unataka nini tena?" bibi angeuliza.

Aliniita mke mwenzie kama mabibi wengi wanavyowaita wajukuu wao wa kike, kwa utani kwamba sote wawili tulikuwa wake wa babu. Babu mwenyewe alikwisha kufa zamani. Bibi alisema kwamba kwa hiyo hapakuwa na cha kugombania ila chumba, na chumba ameniachia mimi.

Nilicheka mwanzoni. Baadaye chumba kile kilianza kunibana. Usiku na mchana vilifanana. Nilijua asubuhi kwa sauti ya mchi na kinu, na jioni kwa harufu ya moshi wa vifuu. Alfajiri, kabla ya watu kuamka, bibi alinifunika shuka akanipeleka uani, miguu mitupu kwenye udongo wa baridi, kisha tukarudi. Hiyo ndiyo ilikuwa safari yangu ya dunia.

Sasa nisikilize vizuri. Huwezi kuniuliza ugonjwa wangu ulianza siku gani, kwa sababu sikumbuki, na kutokukumbuka huko kwenyewe ni habari. Kuna ugonjwa unaokuja kama mgeni anayepiga mlango kwa ngumi: jana mzima, leo homa na kutetemeka. Huo ni wa ghafla. Kuna mwingine unaingia taratibu, unakaa pembeni, unakula kidogo, mpaka wenyeji wanamzoea mgeni na kumhesabu kuwa wa nyumba. Huo ndio sugu. Watu wengi hudhani sugu maana yake ni mkali. Hapana. Sugu ni habari ya muda, ukali ni habari ya nguvu. Ugonjwa sugu unaweza kuanza mpole sana, hata ukaitwa tabia.

Wangu uliitwa uvivu. Mikono ilianza kuniangukia nikisuka. Nikisimama, moyo ulikimbia kana kwamba nimetoka kisimani na mtungi kichwani, ilhali nilikuwa nimetoka kitandani tu. Ndani ya masikio nilisikia mtwango, tuu, tuu, tuu, nikidhani ni kinu cha jirani, mpaka nikagundua kwamba mtwango ule haukunyamaza hata watu walipolala. Nilimwambia bibi.

"Uvivu wa mwali huo," akasema. "Mimi nilipokuwa ndani nilikuwa nasinzia kama paka. Kula ubwabwa wako."

Nilikula ubwabwa. Lakini nilichokitaka hakikuwa ubwabwa.

Siku moja mvua ilinyesha kutokea nyuma ya nyumba na ukuta wa chumba changu ukalowa. Harufu ya udongo ule! Mate yalinijaa kinywani. Nilisubiri bibi aende jikoni, nikainama upande wa kitanda uliogusa ukuta, nikakwangua kwa ukucha, nikaonja. Sitakudanganya kwamba ulikuwa mbaya. Ulikuwa mtamu kuliko kitu chochote kilichopita katika pazia lile. Kesho yake nilikwangua tena. Nilitafuta kipande cha kifuu, nikakificha chini ya mkeka, kikawa kijiko changu.

Mwali anayekaa gizani miezi na miezi ana nafasi ya kula ukuta mwingi. Nilichimba kati ya fito na fito, nikiusogeza mkeka kuficha, mpaka alasiri moja kifuu kilipenya upande wa pili na mwanga ukaingia.

Ulikuwa mwembamba kama uzi wa ukili. Niliuangalia ukitua kwenye shuka yangu, nikaweka kiganja chini yake, na ule mwanga ukakaa kiganjani kama kitu unachoweza kukishika. Nililia. Halafu nikaweka jicho. Niliona miguu ya kuku. Niliona upindo wa khanga ya jirani akipita na ndoo, na mpira wa matambara uliobingirika ukasimama, kisha mguu wa mtoto ukaja kuuondoa. Kuanzia siku ile niliishi kwa tundu lile. Niliposikia mtu anakuja, nililiziba kwa kifungu cha ukili.

Wanawake wa mtaa walikuwa wakija kunitazama, kama desturi. Bibi aliwasha taa ya kibatari, akanifunua uso.

"Uuuwi! Huyu mwali au mbalamwezi?"

"Kaumuka kama andazi la hamira!"

"Bibi, unampa nini? Tuambie na sie, na sie tunao wa kuwaweka."

"Ubwabwa na maombi," bibi akajibu, na nilisikia fahari katika sauti yake. Alinishika shavu, akalibonyeza. "Tazameni. Na miguu nayo imejaa. Mfupa hauonekani."

Ni kweli, haukuonekana. Uso wangu uliamka umejaa, na kufika jioni miguu ilikuwa imeumuka hadi vifundoni. Midomo ilikuwa imepauka. Wao waliona mwali aliyetunzwa. Mimi ndani ya uso ule nilikuwa nasikia tuu, tuu, tuu.

Hapa nitakupa maneno mawili, uyatie mfukoni. Kuna kile anachohisi mgonjwa, ambacho mwingine hawezi kukiona hata akikodoa macho: uchovu, kizunguzungu, mtwango wa masikioni, hamu ya udongo. Hicho nakiita dalili. Na kuna kile ambacho mwingine anaweza kukiona au kukigusa, hata mgonjwa akinyamaza: weupe wa viganja, uvimbe wa miguu, mbio za moyo chini ya mkono. Hicho nakiita ishara. Wengi huviita vyote dalili, wala si kosa kubwa. Mimi navitenganisha kwa sababu ya chumba kile. Dalili nilikuwa nazo mimi peke yangu, nami sikuruhusiwa kusema kwa sauti. Ishara walikuwa nazo wao, wakazisifia. Hapakuwa na mtu wa kuzikutanisha.

Usiku mmoja, nikiwa nimelala, niliwasikia bibi na mgeni wake wakizungumza ng'ambo ya pazia juu ya mwali wa mtaa wa pili. Alitolewa mwaka uliopita. Alikuwa amejaa hivyo hivyo, ametakata hivyo hivyo. Alipowekwa chini acheze mbele ya watu, alicheza kidogo, akakaa, akajilaza kama anayesinzia, hakuamka.

"Jicho," alisema mgeni. "Alisifiwa mno."

"Jicho," bibi akakubali. Nikamsikia akitema mate kidogo kifuani kunikinga mimi.

Ngoma yangu ilikuwa imepangwa mwezi uliofuata. Mpunga ulikwisha anikwa. Wapigaji walikwisha ambiwa. Nililala nikihesabu mtwango wa masikio yangu, nikajua jambo ambalo sikuwa na wa kumwambia: mimi nitacheza kidogo, kisha nitakaa.

Kungwi wangu, niliyemwita somo kama ilivyo desturi, alikuwa mwanamke mnene mwenye sauti ya kuita watu ng'ambo ya bonde. Asubuhi aliuza maandazi, mchana alifundisha wari. Midomo yake ilikuwa myekundu daima kwa tambuu. Alasiri moja alikuja kunifundisha kucheza kwa mara za mwisho mwisho.

"Simama, mwari. Leo nataka kiuno, si gogo. Mume asije akadhani kaoa mchi."

Nikasimama. Alianza kupiga makofi na kuimba chini chini. Nikacheza. Ukuta ukaanza kuzunguka.

"Haya, haya, usinichezee kama kinyonga. Ongeza!"

Nikaongeza. Nikashika kitanda, kitanda kikasogea pamoja nami, nikaanguka nacho sakafuni. Somo akaangua kicheko.

"Yallah! Mwali kapigwa na ngoma kabla ngoma haijaja!"

Akainama kuninyanyua. Mkono wake ulinishika kifuani, akauacha pale. Kicheko kikakatika. Alibaki ameinama, kichwa amekiinamisha upande mmoja, kama mtu anayesikiliza mlangoni.

"Toka lini moyo wako unakwenda hivi?"

"Siku nyingi, somo."

"Ulimwambia nani?"

"Bibi. Kasema uvivu."

Alitaka kusema kitu, lakini macho yake yalikwenda kwingine. Kitanda kiliposogea, kifungu cha ukili kilikuwa kimechomoka ukutani. Mwanga wa alasiri uliingia ukapita chumba kizima, ukatua kwenye khanga yake.

"Panya gani huyu?" akauliza, akaenda kuchungulia. Mkono wake uliingia kwenye ukuta hadi kwenye kifundo. Akatoa kipande changu cha kifuu. Alikigeuza geuza, akanitazama mdomo.

"Si panya, somo," nikasema.

Hakunipiga. Aliketi sakafuni kando yangu, tambuu akaitema pembeni, kisha akaita kwa ile sauti yake ya ng'ambo ya bonde: "Mama! Njoo uone. Mjukuu wako kala nyumba!"

Bibi aliingia akicheka, akijua ni utani. Alipoona ukuta aliacha kucheka.

"Huyu anaumwa," somo akasema. "Apelekwe zahanati."

"Nani apelekwe? Mwali?" Bibi alishusha pazia vizuri, kana kwamba neno lenyewe lingetoroka. "Jua limwone kabla ya ngoma yake? Wanaume wamtazame njiani? Ukoo huu haujafanya hivyo. Ana hamu ya udongo tu, wasichana wengi wanayo. Nitampa mchanga wa kichuguu aache kula ukuta wangu."

"Mama, yule wa mwaka jana nani alimbeba?"

Bibi aliinama kuokota vumbi la ukuta sakafuni.

"Nilimbeba mimi. Hapa, mgongoni. Moyo wake ulikuwa unanigonga mgongoni kama mtu anayetaka kufunguliwa mlango. Nikasema, mtoto ana furaha. Wakasema jicho, nikasema jicho na mimi." Alinishika mkono wangu akauweka mgongoni kwa bibi, kisha akanisogeza mpaka kifua changu kikagusa pale. "Sikiliza mwenyewe. Huyu nimbebe tena?"

Bibi alibaki amenipa mgongo. Sijui alihisi nini. Najua mgongo wake ulikuwa mwembamba, na nilihisi moyo wangu ukirudi kwangu kutoka kwenye mifupa yake.

"Mwali hatoki," alisema mwisho, lakini sasa alikuwa kama anayeomba asaidiwe.

"Hatatoka. Mwali akibebwa, miguu isikanyage chini, uso usionwe, ametoka?"

Bibi akafikiri. Desturi ina mlango wake wa uani, ila sharti uonyeshwe na anayeijua desturi.

"Hajatoka," akasema.

Asubuhi yake somo hakuuza maandazi. Nilifunikwa khanga mbili na kaniki juu, nikabebwa mgongoni kwake kama mtoto mchanga, bibi akitangulia na mwavuli. Hiyo ndiyo mara yangu ya kwanza kuvuka ua tangu niwekwe ndani, na sikuona kitu. Ndani ya nguo mlikuwa joto, giza na harufu ya hamira. Jua nililijua kwa uzito wake tu, likinilalia kichwani. Nilisikia watu wakiuliza, "Mgonjwa?" na bibi akijibu, "Mzigo."

Zahanati ilikuwa nyumba ya bati yenye baraza. Aliyetibu pale aliitwa dresa, mtu wa bara, na alipoamkia nilisikia bara katika ulimi wake.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Huyu ni mwali. Humwoni."

"Nitamtibuje nisiyemwona?"

"Wewe ndiye mganga, si mimi."

Somo akanong'ona kwamba atazame viungo, si mtu. Dresa akacheka kidogo, akauliza bibi ni mtu wa wapi; alipoambiwa Mzaramo, akasema kwao yeye ni Unyamwezi. Bibi akashtuka.

"Mnyamwezi? Kumbe mtani wangu! Nawe umekaa hapo na koti jeupe kama umezaliwa nalo. Mizigo ya babu zako wapagazi umemwachia nani?"

"Nimeona leo mzigo mmeubeba wenyewe, bibi."

Somo alicheka hadi nikatikisika mgongoni kwake. Bibi naye alicheka, akashindwa kujizuia, na baada ya hapo mambo yakawa mepesi kidogo, kwa sababu mtani ana ruhusa ambazo mtu mwingine hana. "Jicho moja," bibi akasema. "Utaona jicho moja tu. Ukiona na la pili nakuvua koti."

Khanga ikafunguliwa kidogo. Kidole kikavuta chini ukope wangu. Aliangalia ndani yake. Akaomba kiganja. Akaomba mguu, akabonyeza muundi kwa kidole gumba, akakitoa, pakabaki shimo lisilotaka kujaa.

"Anahisi nini?" akauliza.

"Uvivu," bibi akaanza.

"Nimemuuliza yeye, mtani."

Nikasema, chini ya nguo, kwa sauti ya mwali. Nilisema mtwango, nilisema mikono kuanguka, nilisema ukuta. Kwa mara ya kwanza dalili zangu na ishara zangu zikakaa mahali pamoja. Kuziweka pamoja hivyo, na kuuliza zinaelekeza wapi, ndiko kunakoitwa kuutambua ugonjwa.

"Safura," dresa akasema.

Bibi akakasirika. "Safura ni ya watu wanaoshinda mashambani miguu mitupu. Mjukuu wangu hatoki ndani!"

"Kabla ya kuwekwa ndani alishinda wapi?"

"Bonde la mpunga. Sote tunashinda huko."

"Vidole vya miguu vilimuwasha?"

Viliniwasha. Nilikumbuka nikivisugua kwenye majani msimu ule wote.

"Basi aliingia hapo. Ni mnyoo mdogo kama uzi, anatoka kwenye ardhi yenye kinyesi, anapenya ngozi, anasafiri hadi tumboni, anang'ata utumbo, ananyonya. Anaishi miaka. Nyie mmemweka mtoto ndani, bibi, na mnyoo yumo. Mmewafungia pamoja."

Nilikuja kufundisha akina mama kliniki miaka mingi baadaye, na bado sijapata maneno mazuri kuliko hayo. Angalia yalivyopangika. Mnyoo ndiye chanzo. Ngozi ya mguu ndiyo njia ya kuingilia, na kule kuingia ndiko tunakokuita kuambukizwa. Muda ule wote mdudu yumo na wewe hujahisi kitu, ugonjwa unajificha. Wewe kufungiwa chumbani hakumaanishi ugonjwa umefungiwa nje. Kupungukiwa damu ndilo dhara. Na kwa kuwa damu ndiyo mpagazi wa pumzi yetu, wapagazi wakipungua, moyo hulazimika kuwakimbiza wachache waliobaki, safari nyingi zaidi, mchana na usiku. Ndio ule mtwango. Moyo ukichoka, maji hujikusanya miguuni na usoni. Ule uso wa andazi la hamira ulikuwa moyo unaoomba msaada.

"Akichezeshwa ngoma hivi," dresa akasema taratibu, "atawaangukia."

Nilihisi mgongo wa somo ukivuta pumzi.

Alieleza matibabu. Kwanza dawa ya chuma, ya kuongeza damu, kwa sababu mwili dhaifu haustahimili dawa ya minyoo. Rangi ikirudi, ndipo dawa ya minyoo, na haluli ya kuwasukuma watoke. Akaomba chupa, maana kila mtu alikwenda zahanati na chupa yake. Akaomba pia choo kidogo ndani ya kibiriti, kipelekwe mjini kwa basi kutazamwa kwa darubini ili kuhakikisha.

"Mtani umelogwa," bibi akasema. "Mimi nimpe karani wa basi kibiriti cha mavi?"

"Kifunge vizuri, bibi. Karani asije akawashia sigara."

Tulipofika nyumbani, bibi alikaa ng'ambo ya pazia muda mrefu. Kisha nikamsikia akimtuma somo kwa wapigaji ngoma. Waambiwe si mwezi ujao. Waambiwe mavuno mengine.

Nataka uelewe nilivyolipokea neno lile. Nilikuwa nimeokolewa, na ukombozi wenyewe ulikuwa kukaa katika chumba kile msimu mwingine mzima, bila dirisha. Nilijifunika shuka nikalia kwa sauti, mwali asiyeruhusiwa sauti. Bibi aliniacha nilie. Hakuninyamazisha.

Kisha aliingia na bakuli la udongo uliokandwa. Alikuja kuziba tundu.

Alipiga magoti, akachota tonge, akalielekeza ukutani. Mwanga ulimpiga mkononi. Akasita. Aliweka tonge chini, akanigeukia, akanivuta bega mpaka uso wangu ukawa kwenye ule mwanga. Kwa kidole chake kigumu cha kupura mpunga akavuta ukope wangu chini, kama alivyomwona mtani wake akifanya.

"Kweupe," akasema polepole. "Kweupe kama nazi, mke mwenzangu. Na mimi nilikuwa nasifiwa."

Udongo ule aliutumia kuziba pembeni tu, kuimarisha, tundu akaliacha. Alilishonea kifuniko cha kaniki. Ukuta sikuugusa tena. Hamu yenyewe ilififia kadiri chupa za dawa zilivyokwisha. Aliniletea mitalawanda, viatu vya mti, nivae alfajiri kwenda uani, na walipomuuliza tangu lini mwali akavaa viatu, alisema mwali huyu hana miguu, ana milango. Kila siku jua likifika nyuma ya nyumba aliinua kifuniko, akaniita kwenye mwanga, akanivuta ukope, akaniuliza, "Leo unahisi nini?" akangoja nijibu. Nililingoja swali lile kuliko chakula.

Nafuu ilikuja kabla ya kupona. Hayo nayo si kitu kimoja. Nafuu ni mtwango kupungua; nilidhani nimepona, nikakataa dawa ya minyoo, maana ilinuka vibaya. Bibi alinishika pua akaninywesha. Kupona ni chanzo chenyewe kuondoka.

Mavuno yaliyofuata, somo alinibeba, mara hii kwa ngoma, uso wazi. Nilitoka mweusi, mwembamba. Nilisikia wanawake wakinong'ona nyumba ile ilinipa nini. Somo akageuza shingo, akaniuliza, "Unahisi nini?" Nikamwambia nahisi jua. Akaniweka chini, nikacheza mpaka wapigaji wakaomba maji.

Basi, wewe uliyenisikiliza: kesho asubuhi mwite binti yako, au mtu yeyote wa nyumba yako anayeitwa mvivu, msimame naye mahali penye mwanga wa jua. Muulize anahisi nini, na umwache amalize kusema. Kisha vuta ukope wake wa chini kwa kidole safi, utazame ndani. Ukiona kweupe, mpeleke zahanati siku hiyo hiyo.